Asante kwa Mchezo, Bibi Refa

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili nimepewa na binti yangu niandike presha yangu kila asubuhi. Haya, presha ipo. Sasa niandike malalamiko.

Binti yangu ni muuguzi, na ana ugonjwa wa wauguzi wote: hawezi kumwona mtu amekaa akamwacha akae. Bila kuniuliza amekwenda kuniandikisha katika ile shule ya msingi iliyo nyuma ya mtaa wetu. Kila Jumatano mpaka muhula uishe, watoto wa darasa la sita watakuwa wanawatembelea wazee majumbani. Nikamuuliza, mzee ni nani humu ndani? Akageukia dirishani akaanza kurekebisha pazia lisilo na tatizo lolote.

Mimi nilikuwa mwamuzi wa mpira wa pete. Nimeamua mechi za shule, za viwanda na za mikoa, mpaka wachezaji niliowatoa nje wakaanza kuniletea mabinti zao niwatoe nje na wao. Kila baada ya mechi niliandika ripoti, kwa hiyo kuandika najua. Nitawaandikia hao watoto ripoti yao. Ikiwa mbaya wasinilaumu.

Jumanne, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Presha ipo.

Jumatano, 4 Machi

Wamekuja watatu, wakiletwa na mwalimu wao, kijana mwenye tai na haraka nyingi. Alinikabidhi watoto kama anayeshusha mizigo, akakimbia kugawa wengine.

Uwanjani sikuwahi kushika majina ya wachezaji. Nilikuwa nawapa majina yangu, na hawa nimewapa pia. Msichana mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni ni Mlingoti. Mvulana asiyefunga mdomo ni Redio. Wa tatu ni msichana mfupi, mabega yamempanda mpaka masikioni, alikaa kwenye ukingo wa kiti akiutazama mlango. Huyo nilimwita Kibiriti kabla hata hajawaka.

Redio alikuwa na karatasi ya maswali kutoka kwa mwalimu. Swali la kwanza: je, zamani maisha yalikuwaje? Nikamwambia yalikuwa marefu. Akaandika. Swali la pili: je, una ushauri gani kwa vijana? Nikamwambia wafunge mlango wakitoka. Akaandika na hilo. Mlingoti alicheka akaziba mdomo.

Kibiriti hakucheka. Akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye karatasi.

"Kwani Bibi, hutoki nje?"

Nikasema ni goti. Akauliza goti lipi. Nikamwonyesha la kulia. Akaniambia nilipokuja kuwafungulia nilikuwa nachechemea mguu wa kushoto.

Mtoto hana adabu. Macho anayo.

Alhamisi, 5 Machi

Kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niseme ukweli. Si goti.

Mwaka jana nilianguka kwenye mtaro ulio mbele ya duka la ng'ambo ya barabara. Maji yenyewe hayakufika hata magotini. Kilichoniua ni kicheko. Muuza duka alijishikilia kwenye magunia yake akicheka mpaka akajifuta machozi, mtu mzima mwenye ndevu. Kiatu kimoja kilibaki humo mtaroni, nikarudi nyumbani na kimoja, nikamwambia kila mtu goti limekataa. Tangu siku ile sijakanyaga nje ya geti. Binti yangu ananinunulia kila kitu. Nimezoea uwanja mzima unitazame nikiwa nimenyoosha mkono kutoa adhabu. Kutazamwa nikiwa mtaroni sikukuweza.

Jumatano, 11 Machi

Wamekuja peke yao, wamelowa. Redio alileta maswali mapya, nikamwambia ayakalie.

Kibiriti alikiona kipenga changu, kimening'inia kwenye msumari karibu na kalenda. Mlingoti akamwambia usiguse. Akagusa. Nikamwambia basi akishushe akipulize, na akakipuliza kama anayepooza chai. Nikakitwaa nikawaonyesha. Mbwa wa jirani alilia, na kikombe cha Redio kilimponyoka mkononi. Nilikuwa sijajisikia vizuri hivyo kwa muda mrefu.

Hapo Kibiriti akafunguka. Kumbe anacheza mpira wa pete, tena anajua, lakini ameondolewa kwenye timu ya shule kwa sababu hawezi kufunga mdomo refa akipuliza. Eti refa wao anapendelea. Nikamwambia kila refa anapendelea, waulize waliofungwa. Akatabasamu kwa shingo upande, lakini alitabasamu, nimeandika.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Nimeitazama ile nguzo ya kamba ya nguo huku nyuma ya nyumba. Urefu wake unatosha kabisa.

Jumatano, 18 Machi

Tumekata kitako cha ndoo mbovu, Mlingoti akaigongomea juu ya nguzo bila hata kupanda kiti. Mpira walikuja nao. Mimi nikawekewa kiti changu kwenye mlango wa nyuma, chini ya bati, na kipenga shingoni. Wanacheza mmoja dhidi ya wawili, kwa zamu.

Nikawasomea kanuni zangu. Hakuna kutembea na mpira. Hakuna kumgusa mwenzako. Na kanuni kubwa kuliko zote: nikipuliza kipenga kirefu, mchezo umekwisha. Hata kama mpira uko hewani. Hakuna kuuliza, hakuna "lakini". Mpira unaingia kwenye beseni, mnashikana mikono, mnasema "Asante kwa mchezo, Bibi Refa", mnafuta miguu, mnafunga geti, mnakwenda kwenu.

Redio aliuliza, na kama kuna dharura? Nikamwambia hakuna dharura inayozidi kipenga.

Kibiriti akasema "lakini" mara nilipompigia kosa la kwanza. Nikamketisha kwenye ngazi. Alichemka pale, mashavu yamevimba, nikadhani ataondoka moja kwa moja. Hakuondoka.

Jumatano, 25 Machi

Kibiriti: "lakini" moja, ameimeza katikati. Nimejifanya sikusikia.

Jumamosi, 28 Machi

Binti yangu ameuliza ndoo yake mbovu iko wapi.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri, kubwa, ya kufunga barabara. Hawakuja. Nimekuta nimetoa vikombe vinne mezani. Nikavirudisha kabatini haraka kabla binti yangu hajarudi kutoka kazini. Alivikuta na maji ya kusuuza, akavihesabu kwa macho, hakusema neno. Wauguzi wanajua kunyamaza wakitaka kukuumiza.

Jumatano, 8 Aprili

Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma. Redio ameanza kutangaza mechi huku anacheza, anajisifu mwenyewe kwa sauti ya redioni, na akifungwa anasema mitambo imepata hitilafu. Mlingoti anafunga kila akirusha, hana haja ya kuruka. Kibiriti anapita katikati yao kama maji.

Alichelewa kuondoka, akabaki kunisaidia kuingiza kiti. Akaniambia kwao wako watoto sita, yeye wa nne, na nyumba yao asiyepiga kelele hapati nafasi ya kusema. Ndiyo maana amezoea kupiga kelele hata pasipohitajika.

"Hapa napata zamu," akasema. "Hata ukiniketisha, najua zamu yangu itarudi."

Nilijifanya natafuta fimbo. Nilikuwa nimemwita hana adabu. Basi nafuta ile ripoti ya kwanza.

Kocha wa shule amemwahidi kumjaribu tena katika mechi ya kufunga muhula, kwa sharti kwamba asilete fujo yoyote mpaka siku hiyo. Ameniomba nisimhurumie kwenye makosa. Ombi lenyewe limenipendeza.

Ijumaa, 17 Aprili

Naandika kwa tabu, kifundo cha mkono kimefungwa bandeji. Lakini lazima niandike, kwa sababu mambo yaliyotokea Jumatano yameelezwa vibaya na kila mtu.

Walikuwa nje wanacheza. Mvua ilikuwa nyepesi, ikaanza kukaza. Niliinuka kwenye kiti nikaenda msalani mara moja, nikawaacha waendelee. Sakafu ya msalani ilikuwa na maji. Sikumbuki kuteleza, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimesimama, halafu nilikuwa natazama chini ya sinki, mahali ambapo hakuna mtu anapaswa kupatazama. Mguu umejikunja chini yangu, mkono umelaliwa, na mwili wangu wenyewe ndio umeuziba mlango.

Niliita. Mvua ikawa imepanda juu ya bati kwa nguvu zote, sauti yangu sikuisikia hata mimi. Nikakumbuka kipenga, kiko shingoni. Nikavuta pumzi yote niliyo nayo, nikapuliza kwa urefu ambao sijawahi kuupuliza hata kwenye fainali.

Kidirisha cha msalani kiko palepale wanapochezea; kelele zao zikakoma. Nikajisemea, watoto wazuri, wamesikia.

Nikasikia mpira ukitua ndani ya beseni.

Nikasikia miguu ikifutwa mlangoni. Halafu sauti tatu, kwa pamoja, kwa heshima zote, zikipigwa kwa nguvu kuishinda mvua: "Asante kwa mchezo, Bibi Refa!"

Nikapuliza tena, kirefu kuliko kile cha kwanza. Nikamsikia Redio akisema, "Anasisitiza, tukimbieni." Wakakimbia. Geti wakalifunga, kama nilivyowafundisha.

Niliumia, lakini ukweli lazima usemwe: nilianza kucheka. Nimelala chini ya sinki, nacheka, na kila nikicheka mbavu zinauma. Watoto ambao mwezi mmoja uliopita hawakuweza kukubali kosa la kutembea na mpira, leo wameondoka katikati ya mchezo bila "lakini" hata moja. Sijawahi kuwa na timu yenye nidhamu hivyo.

Kicheko kiliisha baridi ilipoanza kupanda kutoka sakafuni. Nikaogopa, sitajidai. Niliogopa hasa binti yangu atakavyofungua mlango. Alirudi jioni, akausukuma mlango kidogo kidogo, akaingiza mkono akanishika kichwa, na mkono ule ulikuwa unatetemeka. Huyu anayeshika wagonjwa kutwa nzima. Sikujua kwamba ananiogopea namna ile. Nilikuwa nadhani ananisumbua tu.

Hakuna kilichovunjika. Kifundo cha mkono kimeteguka, nyonga imevilia, rangi zote. Akanipa dawa, nikalala kabla sijaeleza chochote.

Nilipoamka alikuwa ameshakwenda shuleni.

Jumamosi, 18 Aprili

Amemwambia mwalimu mkuu kwamba watoto watatu walimsikia mama yake anapuliza kipenga cha kuomba msaada, wakakimbia wakamwacha sakafuni. Ziara zao zimesimamishwa. Ijumaa ijayo kuna kikao na wazazi, na inasemekana mpango mzima utafutwa, kwa mitaa yote. Kibiriti ameondolewa kwenye mechi ya kufunga muhula.

"Na yule mfupi ndiye mbaya zaidi," binti yangu akasema. "Ameulizwa kwa nini waliondoka, anajibu bila haya, 'Kipenga kilipulizwa.' Jeuri ya waziwazi, Mama."

Nikamwambia hilo ndilo jibu sahihi. Nikamweleza kanuni zangu zote, na kipenga kirefu, na beseni. Akanisikiliza kwa uso ule wa wodini, uso wa kumkubalia mgonjwa kila kitu. Akasema, "Unawatetea kwa sababu unawapenda." Akaninyooshea shuka.

Nimempigia mwalimu mkuu simu. Akanishukuru sana, akanipa pole sana, akasema watalifanyia kazi. Nimeamua mechi miaka mingi, najua mtu akikuambia hivyo amekwisha kuamua.

Jumatano, 22 Aprili

Jua kali, siku nzuri ya kucheza. Hakuna aliyekuja. Nimekaa kwenye mlango wa nyuma nikaitazama ndoo. Moyo unaniuma kuliko nyonga.

Ijumaa, 24 Aprili

Binti yangu aliondoka kwenda kwenye kikao akiniagiza nipumzike. Nikamwitikia vizuri. Aliposhika njia, nikavaa nguo yangu ya kazi, ile nyeupe, nikashika fimbo kwa mkono mzima, nikapiga moyo konde nikafungua geti.

Magoti yote mawili yalitetemeka, la kweli na la uongo. Mtaa ulikuwa mpana kuliko nilivyouacha. Nilifika kwenye mtaro nikasimama. Kumbe umewekwa ubao wa kuvukia, sikuwa na habari. Ng'ambo, muuza duka akaniona, akaacha mteja wake kwenye mizani akaja akanyoosha mkono. Nikavuka huku nimekunja uso. Nilitaka niseme neno langu nililolihifadhi mwaka mzima.

"Ulinicheka," nikamwambia.

"Nilikucheka, Mama," akasema. "Sitakudanganya. Ulisimama mule mtaroni, maji yanakuchuruzika, ukanyoosha mkono ukautolea mtaro adhabu. Ningefanyaje mimi?"

Sikukumbuka kabisa. Lakini mara aliposema, nikajua ni kweli, kwa sababu ndivyo ningefanya. Akaingia dukani, akarudi na kiatu changu. Amekiosha, amekijaza karatasi kisipoteze umbo, amekiweka rafu ya juu mwaka mzima akisubiri nipite. Alisema aliogopa kukileta nyumbani, kwamba mimi si mtu wa kugongewa geti ovyo. Nilitaka kuendelea kumkasirikia, nikashindwa. Nilikwenda kikaoni nikiwa na kiatu cha ziada mkobani.

Nilipoingia, binti yangu alisimama wima. Akasema "Mama" kwa sauti ndogo, kama mtoto. Mwalimu mkuu alikuwa katikati ya maneno yake. Wazazi walijaa madawati ya mbele, na wale watatu wamekaa nyuma, kila mmoja pembe yake, wamenywea. Kibiriti mabega yako masikioni tena. Hakuniinulia macho.

Nikaomba nafasi. Mwalimu mkuu akasema, Mama, umeshasumbuka vya kutosha, keti kwanza. Nikasema sikuja kuketi. Nikaeleza, na wakanitazama wote kwa uso uleule wa wodini. Mzazi mmoja akaguna kwamba wazee wana huruma. Nikaona maneno hayatanifikisha popote.

Basi nikatoa kipenga kifuani, nikavuta pumzi, nikapuliza kirefu.

Wazazi waliziba masikio. Mwalimu mwenye tai aliangusha kalamu. Lakini kule nyuma watoto watatu waliinuka kwa pamoja, bila kutazamana na bila kufikiri. Wakatoka kila mmoja pembe yake, wakakutana katikati ya darasa wakashikana mikono. Redio akageuka huku na huku akitafuta beseni. Wakanielekea wakasema, "Asante kwa mchezo, Bibi Refa." Wakafuta miguu kwenye mkeka wa mlangoni, wakatoka, wakafunga mlango.

Tukasikia hatua zao zikienda kwenye kibaraza. Kisha zikasimama. Mlango ukafunguka kidogo, uso wa Redio ukachungulia.

"Samahani," akasema. "Turudi?"

Nani aliyeanza kucheka sijui. Naona ni binti yangu. Alicheka ameshika dawati, machozi yanamtoka, na katikati ya kicheko akaanza kulia kweli, akaja akanikumbatia upande usiouma. Mwalimu mkuu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Yule mzazi wa huruma za wazee alikuwa amelalia meza.

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado kazini. Nikasema mbele ya wote kwamba wachezaji walitii kanuni, na kosa ni la refa, aliyepuliza ishara isiyo yake. Katika kazi yangu yote sijawahi kutamka maneno hayo, na nilidhani yatanikwama kooni. Yalitoka vizuri tu.

Kibiriti alisimama mlangoni. Mabega yameshuka. Akanitazama miguuni.

"Bibi," akasema, "umetoka nje."

Jumapili, 26 Aprili

Nyonga inanilipiza ya Ijumaa. Nimelala kutwa. Furaha tupu.

Jumatano, 29 Aprili

Wamerudi. Mpango haukufutwa, na Kibiriti amerudishiwa mechi yake. Na binti yangu amechukua ruhusa kazini, amekaa kwenye kiti pembeni yangu, kila Kibiriti akiruka anashika kifua.

Kabla ya kuanza, Kibiriti aliomba kusema. Akasema kwenye kanuni kuna pengo, hakuna ishara ya refa akianguka.

"Refa haanguki," nikamwambia.

"Refa ameanguka mara mbili," akasema, kwa adabu kabisa. Kumbe muuza duka amemsimulia ya mtaro.

Tumekubaliana: vipenga vifupi vitatu, kupumzika, vitatu tena. Wakashikilia lazima ijaribiwe. Nikajaribu. Alikuja jirani wa kulia, akaja wa kushoto na mbwa wake, akaja muuza duka mbio na mizani mkononi, na wateja wake nyuma yake wakidai chenji. Ilibidi tuwape wote chai. Vikombe havikutosha, wengine wakanywea kwenye bakuli.

Jumatano, 6 Mei

Mvua imekata. Redio amenihoji kwa ajili ya gazeti la ukutani la shule. Swali: je, una ushauri gani kwa vijana? Nimemjibu vizuri safari hii, ingawa nimemkumbusha pia kuhusu mlango.

Jumatano, 13 Mei

Mechi ya kufunga muhula. Waliniomba niamue, na nikaamua, nimekaa kwenye kiti kirefu walichokiazima maabara, binti yangu amekishika miguu kwa chini.

Uwanja mzima ulikuwa unanitazama. Nilikuwa nimesahau ladha yake.

Kibiriti alicheza. Nilimpigia makosa matatu, yote halali, na mara zote tatu aliuachia mpira akarudi nafasi yake. Kocha aliniangalia kama mtu aliyeona mlima umehama. Mwishoni walikuwa nyuma kwa bao moja. Kibiriti akampasia Mlingoti, Mlingoti akarusha, na mpira ukiwa hewani muda ukaisha. Nikapuliza kirefu. Mpira ukaingia, safi kabisa, bila kugusa chuma. Nikalikataa bao.

Walifungwa. Uwanja ukaguna. Nilimwona Kibiriti akifungua mdomo, "la" limeshafika kwenye meno. Akaufunga. Wenzake wakaanza kushikana mikono na wapinzani, lakini yeye hakwenda. Alinijia mbio, akasimama mbele ya kiti, anahema.

"Bibi, mchezo umekwisha, au wewe umeanguka?"

Baada ya kipenga kirefu hakuna kuuliza. Kanuni nimeiandika mwenyewe, na hilo lilikuwa kosa la wazi. Sikulipigia.

Nikamwambia mchezo umekwisha, mimi niko salama. Akanikagua kutoka kichwani mpaka viatuni kuhakikisha. Ndipo akaenda kushikana mikono.

Jumatano, 20 Mei

Shule imefungwa na ziara zimekwisha rasmi. Presha ipo. Nimetoa vikombe vitano mezani, kimoja cha binti yangu. Wanagonga geti.